Barua Isiyopiga Hodi

Hotuba hii, juu ya barua za matangazo tusizoziomba, niliitoa kwenye mkutano wa jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili hapa Columbus, Ohio. Naiweka yote kwa ajili ya wale waliokuwa kazini au safarini siku hiyo. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliokubali kuamka mapema siku ya Jumamosi, nawasalimu nyote kwa heshima.

Niliombwa nizungumze juu ya mazingira, na najua wengi wenu mlipoliona neno hilo kwenye mwaliko mlitarajia habari za barafu inayoyeyuka na bahari inayopanda. Leo sitakwenda mbali hivyo. Nitazungumza juu ya kile kisanduku cha chuma kilicho chini ya ngazi za jengo lenu, mnachokifungua kwa kifunguo kidogo mkirudi kazini. Mliokifungua jana, mlikuta nini ndani yake? Je, kulikuwa na barua hata moja iliyoandikwa na mtu anayekufahamu?

Mimi nilikulia Nyanda za Juu Kusini, Tanzania, ambako barua haikuletwa nyumbani. Ilifikia kwenye sanduku la posta la shule, S.L.P. moja iliyotumiwa na kijiji kizima, na mwalimu mkuu aliporudi kutoka mjini na mkoba wake, watoto tulimkimbilia njiani kuuliza kama kuna ya kwetu. Bibi yangu hakujua kusoma. Barua ya baba mdogo ilisomwa kwanza harakaharaka, ili kujua kama kuna msiba, kisha ikarudiwa polepole kuanzia pale penye "ama baada ya salamu", na watu wakiwa wamekaa kimya kama walioko ibadani. Baada ya hapo bibi aliikunja na kuiweka chini ya godoro, ikakaa huko miaka.

Nawasimulia haya kwa sababu sisi tuliolelewa hivyo hatujui kuidharau bahasha. Mpaka leo moyo wangu hushtuka kidogo nikiona jina langu limechapwa juu ya karatasi. Mshtuko huo mdogo, ndugu zangu, ndio unaotafutwa na wanaotuma matangazo, na wanalipa fedha nyingi kuupata.

Kuna mama mmoja kati yetu, aliyeniruhusu nieleze habari yake bila kumtaja jina. Alizaliwa Fizi, mashariki mwa Kongo, akaishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, na aliposhuka kwenye ndege hapa Marekani alikuwa ameshika mkononi ule mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi IOM, za shirika la kimataifa la uhamiaji, ambao kila aliyekuja kwa njia hiyo anaujua. Ndani ya mfuko ule kulikuwa na maisha yake yote ya karatasi. Kambini maisha yalikuwa yamemfundisha kwamba karatasi haitupwi, kwa maana karatasi moja ikipotea, jina la mtu linarudishwa nyuma kwenye foleni, na pengine watoto wake pamoja naye. Sasa mchukueni mtu aliyefundwa hivyo, mpeni sanduku la barua linalojazwa siku sita kwa wiki. Atafanya nini? Atatunza. Na mama huyu alitunza kila kitu kwa miaka miwili.

Siku aliyotuita, alikuwa anatafuta barua ya kuhuisha bima yake ya afya. Tulitandika mkeka sebuleni, tukamwaga vyote, tukakaa chini kuchambua. Kulikuwa na bahasha zenye picha ya tai na maandishi mekundu ya "taarifa ya mwisho", ambazo mtu yeyote angedhani zimetoka serikalini, kumbe ni za kampuni inayouza bima ya matengenezo ya gari, na mama huyo hana gari. Kulikuwa na kadi ya plastiki iliyochapwa jina lake kwa herufi za kuinuka, mfano tu wa kadi ya mkopo. Kulikuwa na ufunguo wa plastiki uliogundishwa kwenye kadibodi, ukiahidi kwamba huenda ukafungua gari jipya. Kulikuwa na kuponi za piza, matangazo ya vifaa vya kusaidia masikio, ya mapaa, ya madirisha, ya intaneti, na magazeti ya bei za maduka ambayo hakuyasoma kwa kuwa hasomi Kiingereza. Barua aliyokuwa akiitafuta tuliikuta baada ya saa mbili, imejificha ndani ya mkunjo wa tangazo la duka la vyakula, haijafunguliwa, na siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa imepita kwa miezi minne. Tulipomaliza, barua za kweli zilitosha kushikwa kwa mkono mmoja. Yaliyobaki yalijaza mifuko miwili ya mchele, ile mikubwa, nami nilipoibeba kuipeleka nje nilipumzika mara moja njiani.

Barua za namna hiyo nitaziita barua taka, kama wengi wanavyoziita sasa, na swali lililonirudisha hapa mbele yenu ni hili: mifuko ile miwili ilitoka wapi, na ilikwenda wapi?

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Posta ya Marekani inaziweka barua hizi kwenye daraja lake maalumu, lenye nauli nafuu kuliko ya barua ya kawaida. Mwaka 2007 ilisambaza zaidi ya bilioni 100 za daraja hilo. Zimepungua tangu hapo, kwa kuwa matangazo mengi yamehamia kwenye simu, lakini mwaka 2023 bado zilikuwa bilioni 59 na zaidi kidogo. Ukizigawa kwa idadi ya watu wa nchi hii, kila mtu anapata zaidi ya 170 kwa mwaka, akiwemo mtoto aliyezaliwa jana usiku.

Karatasi ni mti, hilo kila mmoja wetu analijua. Lakini kati ya mti na karatasi kuna safari ambayo wengi hawajaiona, nami nimeiona kwa sababu nilikulia karibu na kiwanda cha karatasi. Magari ya magogo yalipita barabarani kwetu mchana kutwa, misonobari imelazwa na kufungwa minyororo, na vumbi likibaki hewani hadi lingine lije. Kiwandani magogo hukatwakatwa kuwa vipande vidogo, kisha vipande hivyo hupikwa kwenye mapipa makubwa sana, kwa joto kali, pamoja na magadi makali na kemikali ya salfa, ili ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti iyeyuke na nyuzi zibaki peke yake kama uji. Salfa hiyo ndiyo inayotoa harufu ya mayai yaliyooza. Upepo ukigeuka, uliisikia hata ukiwa darasani. Karatasi ikihitajika nyeupe, uji ule hupaushwa kwa kemikali nyingine, na hatua zote hizi zinakula maji na moto kwa wingi. Baadhi yenu mmewahi kupita Chillicothe, kusini mwa hapa, wakati kiwanda cha karatasi cha pale kikifanya kazi, na harufu ninayoisema mnaikumbuka.

Sasa nawauliza, je, ni halali mti upitie yote hayo ili uwe tangazo linalotembea hatua kumi, kutoka kwenye sanduku hadi kwenye pipa? Karatasi ya kitabu cha mtoto, sawa. Karatasi ya cheti cha ndoa, sawa. Hata gazeti la bei, kwa yule anayelisoma na kuokoa senti zake, nitasema sawa. Ninayoilalamikia ni ile inayokufa bila kusomwa, na ambayo aliyeituma alijua tangu mwanzo kwamba nyingi zitakufa hivyo. Biashara hii imejengwa juu ya hesabu hiyo. Wakijibu wachache katika kila mia, mtumaji amepata faida, na karatasi za waliobaki wote ni gharama ambayo haimuumi, kwa kuwa msitu haumletei ankara.

Upo mfano mmoja uliotokea karibu nasi sana, na wengi hawajui. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya nguo za ndani za wanawake, Victoria's Secret, ilikuwa ikituma takriban katalogi milioni moja kila siku. Kampuni mama iliyoimiliki, Limited Brands, ilikuwa na makao yake makuu hapa hapa Columbus. Sehemu ya karatasi ya katalogi hizo ilitoka kwenye misitu mikuu ya kaskazini mwa Kanada, ikiwemo miteremko ya milima ya Alberta, ambako anaishi caribou, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe za matawi. Caribou wa msituni hutegemea chakula kinachoota polepole mno kwenye misitu mikongwe, ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti na kutanda ardhini. Ukiukata msitu ule leo na kupanda miti mipya kesho, caribou hawezi kusubiri miongo mingi hadi ndevu zile ziote tena. Huondoka, au hufa.

Mwaka 2004 shirika la wanaharakati lililoitwa ForestEthics lilianza kampeni dhidi ya katalogi hizo. Walisimama mbele ya maduka, wakalipia tangazo gazetini lenye mwanamke aliyevaa kama wanamitindo wa kampuni ile, mkononi ameshika msumeno wa mashine. Walifanya hivyo kwa miaka miwili. Desemba 2006 kampuni ilikubali kuachana na karatasi inayotoka kwenye makazi ya caribou wa Alberta na kuongeza karatasi iliyorejelezwa kwenye katalogi zake. Miaka kumi baadaye, mwaka 2016, katalogi yenyewe ikakomeshwa. Uamuzi ulifikiwa katika mji huu tunaoishi, ndugu zangu. Mnyama aliyeko maelfu ya kilomita kutoka hapa alikuwa akipoteza makazi kwa maagizo yaliyosainiwa hapa, na alipata nafuu kwa sababu watu wa kawaida walisimama barabarani na mabango. Nikisikia mtu akisema kwamba wanyonge hawawezi kuigeuza kampuni kubwa, huikumbuka habari hii.

Je, mifuko ile miwili ya mama ilikwenda wapi? Mtaniambia, si tunarejeleza? Ni kweli, na Marekani inafanya vizuri kwenye karatasi kuliko kwenye plastiki. Mwaka 2018, kwa takwimu za shirika la serikali la mazingira, karibu asilimia 68 ya karatasi na kadibodi ilirejelezwa. Lakini mwaka huo huo zaidi ya tani milioni 17 zilifukiwa ardhini. Karatasi iliyofukiwa mahali pasipo hewa huoza na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto kwa nguvu kuliko hewa ukaa. Nasi tulio wengi hapa tunaishi kwenye nyumba za kupanga, zenye pipa moja kubwa la chuma nyuma ya jengo, ambamo nepi, maganda ya ndizi na karatasi vinachanganyika. Chetu kinaishia kwenye dampo la Kaunti ya Franklin, kule Grove City. Hata kile kinachorejelezwa kinahitaji gari la kukibeba, maji ya kukilowesha na kemikali za kukiondoa wino, na nyuzi zake hufupika kila zinaporudiwa, hadi baada ya mara tano au saba hazishikani tena. Kurejeleza kitu ambacho hakikupaswa kuchapwa ni kufuta maji sakafuni bila kufunga bomba.

Basi tufike kwenye bomba lenyewe.

Sisi Waswahili tuna neno hodi. Mgeni akifika mlangoni husema hodi, husubiri, husema tena, na akipiga hodi ya tatu bila kusikia karibu, hugeuka akaenda zake, wala hachukii. Nyumba ina mwenyewe. Barua taka haipigi hodi. Inaingia, inakaa mezani, halafu mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kutafuta namna ya kuitoa. Nimesoma sana juu ya jambo hili, na kila nilikopita nilikuta ugomvi ni huo huo mmoja: nani aombe ruhusa? Anayeingia, au mwenye mlango?

Katika nchi hii, mahakama ilishalijibu swali hilo kwa maneno yanayopendeza. Mwaka 1967 Bunge la Marekani lilitunga sheria inayomruhusu mwenye nyumba kuiambia posta kwamba tangazo fulani kwake ni la aibu, na posta ikamwamuru mtumaji aliondoe jina la mtu huyo kwenye orodha yake. Wenye biashara ya matangazo walikwenda mahakamani, wakidai wananyimwa uhuru wa kusema. Mei 1970 Mahakama ya Juu iliwakatalia bila jaji hata mmoja kupinga. Jaji Mkuu Warren Burger aliandika kwamba haki ya mtumaji inakoma kwenye sanduku la barua la asiyetaka kupokea. Na mwamuzi wa kama tangazo ni la aibu ni mwenye nyumba peke yake. Fomu ya kuomba hivyo, iitwayo Form 1500, ingali ipo posta hadi leo.

Lakini angalieni jinsi haki hiyo ilivyo nzito kuitumia. Fomu moja kwa mtumaji mmoja. Kwa simu za matangazo, serikali ilianzisha mwaka 2003 orodha moja ya taifa ambayo mtu hujiandikisha bure, na mamilioni walijiandikisha. Kwa barua, hakuna orodha kama hiyo ya serikali. Miswada ya kuianzisha ilipelekwa kwenye mabunge ya majimbo kadhaa kati ya 2007 na 2008, na hakuna hata mmoja uliopita. Sababu kubwa ni kwamba posta haiendeshwi kwa kodi, inaendeshwa kwa nauli, na matangazo yanaiingizia takriban dola bilioni 15 kwa mwaka. Nawaheshimu ndugu zetu walioko hapa wanaofanya kazi posta, na sitaki mkate wao uguswe. Nasema tu kwamba haifai huduma ya taifa zima isimame juu ya karatasi ambazo watu wanazitupa. Tangu mwaka 2011 posta yenyewe inauza huduma ya kufikisha tangazo kwenye kila mlango wa mtaa bila hata jina wala anwani, na mtu hawezi kufuta jina lake kwenye orodha isiyo na majina.

Wenzetu wa Amsterdam waliligeuza swali. Zamani nchini Uholanzi, kama ilivyo Ujerumani na Ufaransa, asiyetaka matangazo alibandika kibandiko cha kukataa kwenye sanduku lake. Asiyebandika kitu alihesabiwa kuwa amekubali. Tangu tarehe 1 Januari 2018, Amsterdam inasema kinyume: sanduku lisilo na kibandiko limekataa, na anayetaka matangazo yasiyo na jina ndiye anayebandika kibandiko kilichoandikwa JA, yaani ndiyo. Mnaona kilichofanyika? Kibandiko kile ni "karibu" iliyoandikwa mlangoni. Ukimya umerudishiwa maana yake ya asili, ile tuliyofundishwa na bibi zetu, kwamba asiyejibu hodi hajakukaribisha. Wachapaji na wasambazaji walishtaki, wakashindwa, wakakata rufaa, na tarehe 24 Septemba 2021 Mahakama ya Juu ya Uholanzi ikasema mji una haki ya kufanya hivyo ili kupunguza taka. Utrecht, Rotterdam na Den Haag zimefuata njia hiyo. Ufaransa nayo, kwa sheria ya Agosti 2021, iliamua kuijaribu katika baadhi ya maeneo, yakiwemo ya Grenoble na Bordeaux.

Na pale ambapo mtumaji mwenyewe anaamua kuacha, matokeo ni makubwa. Julai 2023 maduka ya Rewe nchini Ujerumani yaliacha kuchapa magazeti yake ya bei ya kila wiki, na kampuni hiyo ilitangaza kwamba itaokoa zaidi ya tani 73,000 za karatasi kwa mwaka. Hiyo ni kampuni moja, nchi moja.

Sisi hatuna kibandiko cha JA. Tuna vipande vya haki vilivyotawanyika, na leo naomba tuvitumie vyote. Barua za "umeshaidhinishwa" za kadi za mkopo na bima zinatokana na mashirika yanayotunza kumbukumbu za mikopo, na sheria inayalazimisha kukufuta ukiomba. Kwa simu au kwenye mtandao unafutwa kwa miaka 5, na ukisaini fomu na kuituma, unafutwa daima. Watauliza namba yako ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, kwa hiyo tumieni njia rasmi tu, optoutprescreen.com, wala msimpe namba hiyo mtu anayewapigia simu. Kwa matangazo mengine yenye jina lako, chama cha watangazaji kina orodha iitwayo DMAchoice, kwa ada ndogo, inayodumu miaka 10. Inaniuma kwamba mtu alipie ili asisumbuliwe, lakini inapunguza. Katalogi zinakatwa bure kupitia Catalog Choice. Na wale mnaoandika "rudisha kwa mtumaji" juu ya tangazo, naomba muache, kwa kuwa karatasi za daraja hilo kwa kawaida hazirudishwi. Posta inazitupa, na mtumaji hatajua kamwe kwamba ulikataa.

Tukishatoka hapo, kuna barua mbili ambazo ningependa tuziandike kama jumuiya, kwa majina yetu na saini zetu: moja kwa mwakilishi wetu katika bunge la Ohio, kumuuliza kwa nini simu ina orodha ya taifa na sanduku la barua halina, na nyingine kwa wenye maduka tunayonunua mchele na unga kila wiki, kuwaomba gazeti la bei lipelekwe kwa aliyeliomba tu. Vijana wamezitayarisha kwa Kiswahili na Kiingereza.

Kompyuta tatu ziko mezani kule nyuma, pamoja na nakala za Form 1500. Atakayehitaji kusomewa au kuandikiwa atasaidiwa, wazee kwanza. Mama niliyemsimulia yuko hapa, ameketi safu ya mbele, na amekuja na mfuko wake wa IOM. Safari hii ndani yake kuna bahasha kumi na nne alizozipata wiki hii. Tutaanza na zake.